Nani Alimwona Akianguka?

Kuna tuzo za kitabu kimoja, za goli moja, za wimbo uliopendwa mwaka huo ukasahauliwa mwaka wa pili. Halafu kuna tuzo za maisha. Hizo hupewa mtu mwenye mvi, aliyekaa na kazi moja mpaka wenzake wakastaafu, na pengine hata jukwaani hupanda kwa kushikwa mkono. Wachunguzi wa ubongo nao wanazo. Chama cha Marekani kiitwacho Society for Neuroscience kinatoa Tuzo ya Ralph W. Gerard tangu mwaka 1978. Mashirika mawili ya kifafa duniani, ILAE lililoanzishwa Budapest mwaka 1909 na IBE la mwaka 1961, yana tuzo yao ya pamoja ya mchango wa maisha.

Mimi si daktari. Nafundisha shule ya msingi Changamwe, na habari za tuzo hizi nazifuata kama vile wenzangu katika chumba cha walimu wanavyofuata ligi ya Uingereza. Sababu yangu ni moja: kaka yangu ana kifafa tangu kabla sijazaliwa. Kwa hivyo kila nikisoma wasifu wa mshindi, namwekea swali ambalo madaktari hutuuliza sisi kila tukienda kliniki: nani alimwona akianguka?

Swali hilo si la udaku. Mgonjwa wa kifafa ndiye mtu pekee chumbani ambaye hakuona kilichotokea. Anakumbuka alikuwa anakunywa chai, kisha anakumbuka yuko chini, ulimi unamuuma na watu wamemzunguka. Hapo kati hana kitu. Kipo kipimo cha umeme wa ubongo, ambacho Mjerumani Hans Berger alikitangaza mwaka 1929, na kinasaidia sana. Lakini mtu anaweza kupimwa siku ambayo hakushikwa na karatasi ikatoka safi kabisa. Basi daktari humgeukia yule aliyekuja naye. Ulianza kutikisika mkono upi? Macho yalikuwa wazi ama yamefumba? Alijikojolea? Ilichukua muda gani? Alipozinduka alijua yuko wapi? Majibu hayo ndiyo yanayomsaidia kutenganisha kifafa na kuzirai kwa kawaida, na aina moja ya kifafa na nyingine. Dawa inachaguliwa kutokana na hayo.

Kwa hiyo elimu hii, tangu mwanzo wake, inataka watu wawili. Mmoja aanguke na mwengine atazame.

Chukua Brenda Milner. Alizaliwa Uingereza mwaka 1918, akafanya kazi yake Montreal, Kanada. Tuzo ya Gerard aliipata, na mwaka 2014, umri ukiwa umepita miaka 95, akapata Tuzo ya Kavli pamoja na John O'Keefe na Marcus Raichle. Kazi iliyomjulisha kwa dunia ilitokana zaidi na mtu mmoja, kijana wa Connecticut ambaye kifafa kilikuwa kimemshinda. Mwaka 1953 daktari wa upasuaji, William Scoville, alimtoa sehemu za ndani za ubongo, pande zote mbili, pamoja na sehemu kubwa ya kile kinachoitwa hipokampasi. Kifafa kilipungua. Lakini tangu siku ile yule kijana hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya.

Milner alikuwa akipanda treni kutoka Montreal kwenda kumpima. Kila akiingia ilimbidi ajitambulishe upya, kwa sababu kwa yule bwana kila mara ilikuwa mara ya kwanza. Siku moja alimpa nyota ya kuchora huku akiutazama mkono wake kwenye kioo, kazi ngumu kwa mtu yeyote. Akarudia siku ya pili na ya tatu. Mkono wake ulikuwa umejifunza na mistari imenyooka, na mwenyewe hakukumbuka kuwahi kuiona karatasi ile. Hapo ndipo ilipoonekana wazi kwamba kumbukumbu si chombo kimoja. Kuna ile ya kukumbuka jambo na kuna ile ya mkono kuzoea kazi, na kila moja ina mahali pake kichwani.

Kwa zaidi ya miaka 50 dunia ilimjua mtu huyo kwa herufi mbili tu, H.M. Jina lake, Henry Molaison, lilitangazwa alipofariki Desemba 2008 akiwa na miaka 82. Baada ya hapo ubongo wake ulikatwa vipande vyembamba 2,401 ili uzidi kusomwa. Jina lilifichwa kwa kumlinda, na ilikuwa sawa. Lakini yeye naye alitoa maisha yake kwa kazi ileile, na sijasikia tuzo inayopewa aliyekaa upande ule wa meza.

Upande ule mimi naujua. Kwetu ni Mtongwe, Likoni. Kaka alizaliwa mwaka 1981. Alipokuwa na miaka mitatu alipata malaria kali iliyompanda kichwani, akalala siku kadhaa bila kujitambua. Akapona, au ndivyo walivyodhani nyumbani. Mwaka uliofuata akaanza kuanguka. Majirani wakasema ni nyuni, yule ndege wa pepo ambaye ati akipita juu ya nyumba watoto hukakamaa. Bibi akamfunga hirizi. Wengine wakamwonya mama asiguse lile povu, asije naye akaambukizwa. Si kweli: kifafa hakiambukizi, si kwa mate, si kwa kugusana. Wengine wakaja mbio na kijiko wamtie mdomoni asijing'ate ulimi. Kaka ana jino moja lililovunjika, na lilivunjwa na kijiko.

Mwaka 1988, katika kliniki moja kisiwani, daktari alimuuliza mama: mwezi huu ameanguka mara ngapi? Mama akajibu, "Nyingi." Daktari akamwambia, "Nyingi si nambari, mama."

Siku hiyohiyo mama akanunua daftari. Yeye alisoma mpaka darasa la nne, na saa ya mkononi hakuwa nayo. Kwa hivyo aliandika wakati kwa adhana na kwa jua: "kabla ya Alasiri," "jua limeshachwa." Muda wa kifafa aliupima kwa Al-Fatiha. Akimaliza mara tano kabla mwili haujalegea aliandika 5. Kisha upande ulioanza, kulia au kushoto. Karibu kila mstari unasema kushoto. Madaftari yalifika saba, yamefungwa kwa kitambaa cha leso juu ya kabati, pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa.

Katika daftari la tatu, miaka ya tisini, mama alianza kuona kitu. Kuna mwezi mmoja kila mwaka ambao mistari ilisongamana, na mwezi wenyewe ulikuwa ukisogea. Ilikuwa Ramadhani. Kaka alikuwa ameshabaleghe na alishikilia lazima afunge kama wenzake. Akikesha barazani, akiamka kula daku, kidonge cha asubuhi akikimeza usiku au asikimeze kabisa. Mama alibeba daftari hadi kliniki akamwonyesha muuguzi. Yule muuguzi akapitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa, akaenda kumwita daktari. Usingizi uliokatika na dawa iliyorukwa ni vichocheo vikubwa vya kifafa, na vitabu vya udaktari vinasema hivyo. Ila kwa kaka yangu jambo hilo liligunduliwa na mwanamke wa Mtongwe mwenye kalamu ya buluu. Saa za dawa zikapangwa upya na kulala kukawa sheria. Imamu naye akamkumbusha kwamba mgonjwa ana ruhusa yake. Ramadhani zilizofuata mistari ikapungua.

Kazi kama hiyo, kwa kiwango kikubwa, ilikuwa ikifanyika si mbali na sisi. Vuka feri, pita mjini, shika daraja la Nyali, Kisauni, Mtwapa, na kama kilomita 60 kutoka Mombasa utafika Kilifi. Hapo ndipo kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kilipoanza mwaka 1989. Kati ya waliokuja wakati huo ni Charles Newton, daktari wa watoto, aliyekuja kuchunguza malaria kali. Yeye na wenzake walifuatilia kile ambacho mama yangu alikiona kwa mtoto mmoja. Mtoto anaweza kupona malaria ya kichwani akarudi nyumbani, kisha baadhi yao wabaki na kifafa, au ugumu wa kusema, au wa kushika masomo. Nikiulizwa mimi nani apewe tuzo ya maisha katika pwani hii, sitazunguka, nitamtaja yeye. Si kwa sababu ya vyeo vya Oxford. Ni kwa sababu alikaa. Wengi huja kwa miaka mitatu ya pesa za mradi kisha wakaaga. Lakini ubongo ni wa polepole. Mtoto aliyepata malaria akiwa na miaka mitatu, ukitaka kujua ilimfanya nini, itabidi uwepo akianza shule, akitafuta kazi na akitaka kuoa. Ndiyo maana naona tuzo ya maisha inaifaa sayansi hii kuliko nyingine nyingi.

Mwaka 2013 kundi ambalo Kilifi ilikuwa ndani yake lilitoa matokeo ya zaidi ya watu laki tano katika vituo vitano: Kilifi, Ifakara kule Tanzania, Iganga na Mayuge kule Uganda, Kintampo nchini Ghana na Agincourt, Afrika Kusini. Kwa Kilifi, walioonekana kuwa na kifafa ambacho bado kinawashika walikuwa karibu 8 katika kila watu 1,000. Kwa watoto, kifafa kilihusiana zaidi na shida za wakati wa kuzaliwa, kama mtoto asiyelia au asiyeweza kunyonya, na kuumia kichwa. Kwa watu wazima kulikuwa na kulazwa kwa malaria au homa, na vimelea, wakiwemo minyoo wanaotoka kwa mbwa. Mengi ya hayo yanazuilika kwa mkunga mzuri na chandarua. Hakuna ndege humo.

Lakini angalia nambari hizo zilipatikanaje. Zilianzia mlangoni. Mhudumu wa utafiti, mara nyingi kijana wa pale pale anayejua Kigiriama au Kichonyi, alipiga hodi akauliza kama mle ndani kuna mtu anayeanguka, anayekakamaa, anayepotewa na fahamu. Waliotajwa wakafuatwa kwa maswali zaidi, kisha wakaonwa na daktari. Anayejibu mlangoni ni mama, au mke, au shangazi aliyeachiwa watoto. Chini ya zile 8 katika 1,000 wako watu hao, na kila mmoja alikuwa ameshafanya kazi ya kutazama kabla mtafiti hajapiga hodi. Watafiti wa Kilifi walifika hata kwa waganga wa kienyeji kuwauliza wanakionaje kifafa, kwa sababu huko ndiko wagonjwa wengi huanzia. Walijua kwamba mashahidi hawako hospitali peke yake.

Mwengine aliyelielewa hilo ni Amina Abubakar, Mkenya aliyefanya utafiti wake hapo hapo Kilifi. Alikuwa kati ya waliotengeneza vipimo vya ukuaji wa mtoto vinavyotumia vitu ambavyo mtoto wa hapa anavijua, badala ya picha za vitu ambavyo hajawahi kuviona. Mwaka 2016 Royal Society ya London ikamtunuku kwa kazi yake juu ya watoto wa Afrika walio hatarini. Hiyo haikuwa tuzo ya mwisho wa maisha, bado alikuwa kijana katika kazi. Nilifurahi siku niliyosoma habari ile, nikamsomea mama kwa simu. Akauliza, "Huyo ni mtoto wa huku huku?" Nikamwambia ndiye. Akasema, "Basi anajua pa kuangalia."

Mwaka jana kaka alisema anataka kuoa.

Yeye ni fundi viatu, anakaa karibu na feri upande wa Likoni. Mwanamke mwenyewe anauza viazi vya karai hatua chache kutoka pale. Tukakaa kikao nyumbani. Ami, ambaye ndiye mkubwa wetu sasa, akasema tuende tukapose lakini habari ya ugonjwa isitajwe. "Atajua akishaingia. Mwanamke akishazaa hatoki."

Mama hakusema kitu. Macho yake yana mtoto wa jicho na madaftari hawezi kuyasoma tena. Miaka hii ya karibuni mistari ilikuwa imepanda na kushuka ukurasani, kisha ikakatika.

Kaka ndiye aliyejibu. "Ami, mimi nikianguka sijioni. Huyu nikimficha, nani ataniona?"

"Na akikataa?"

"Akikataa atakuwa amenikataa mimi, si mtu mwengine."

Ami alikasirika. Alisema tunamtia aibu, kwamba kuna wasichana wawili wa ukoo hawajaolewa na habari hii itawafuata. Usimcheke. Mtaani kwetu watu huulizia ukoo kabla ya posa, na neno kifafa likitajwa wengine hawarudi tena. Hofu yake ilikuwa ya kweli. Kikao kikavunjika bila shauri.

Ikaja kujulikana kwamba hakukuwa na cha kuficha. Yule mwanamke alikuwa ameshaona. Kaka alianguka Januari pale pale kwenye viatu, saa nne za asubuhi. Yeye aliacha karai lake motoni akaja. Akaondoa kisu na msumari wa kutobolea ngozi, akamlaza ubavu, akamwekea leso chini ya kichwa. Kijana mmoja wa bodaboda alitaka kumtia funguo mkononi, mwengine anasema anusishwe kiatu, akawafukuza wote. Akatazama saa ya simu yake. Alikuwa amesikia redioni kwamba ikipita dakika tano mgonjwa akimbizwe hospitali. Ikawa dakika mbili na sekunde arobaini. Kaka alipozinduka alimkodolea macho, hamjui. Akamwambia jina lake na kwamba yeye ndiye jirani yake wa viazi. Ilibidi amwambie mara tatu.

Siku ya kwenda kwao, baada ya wanaume kumaliza maneno yao, mama aliomba kukaa na binti peke yake. Mimi nilikuwepo kwa kuwa ndiye niliyemshika mkono. Mama hakuuliza habari za kupika wala za swala. Aliuliza, "Ulianza mkono upi?"

"Wa kushoto, mama. Na kichwa kiligeukia huko huko."

Mama alinyamaza kitambo. Halafu akanigeukia akasema nikirudi nyumbani niyateremshe yale madaftari juu ya kabati.

Ami alikuja harusini. Alikaa nyuma, akala, akaondoka mapema.

Daftari la nane sasa linaandikwa na wifi yangu. Hasomi Al-Fatiha kupimia, anaandika dakika na sekunde, na pembeni anaweka dawa iliyomezwa na iliyosahauliwa. Lakini kuna kitu ambacho katika madaftari saba hakikuwahi kutokea. Yale mama aliyapeleka kliniki na kuyarudisha kabatini, na kaka hakuwahi kuyafungua. Labda aliona ni mambo ya wakubwa. Hili la nane liko mezani, na jioni akitoka kazini huwa analichukua akalisoma. Anajisoma, mtu ambaye hajawahi kumwona. Mara nyingine huuliza: nilisema nini hapo? Niligeuka vipi? Wifi humweleza huku akimenya viazi vya kesho.

Juzi nilikuwa kwao. Kaka alifungua kurasa, akarudi nyuma, akaenda mbele, akamuuliza mkewe mbona Machi hakuandika kitu.

"Machi hukuanguka," akamwambia.